BIMA YA KIDOGO KIDOGO ISIWE BUTURA YA BARABARANI

Ndugu wasomaji wa Rugera, na ninyi jirani zetu wa Kyerwa ambao mpaka mwaka 2012 tulikuwa wilaya moja ya Karagwe, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka siku ya msiba tu. Jambo lenyewe ni bima ya pikipiki na magari. Na hasa twataka kulijibu swali ambalo kila mwenye chombo huliuliza: kwa nini fedha yote ya bima idaiwe siku moja, na mtu asiweze kuilipa kila mwezi kidogo kidogo?

Wako watu wanaosema kuwa swali hili ni la wakwepaji. Sisi hatukubali. Ni swali la haki, na linatoka kwa watu wanaofanya kazi kwa jasho. Lakini jibu lake lina mitego. Mtu akilijibu haraka haraka anaweza kumtoa mnyonge katika shimo moja na kumtumbukiza katika jingine lenye kina zaidi. Kwa hiyo twaomba msomaji awe na subira, tulitazame jambo hili pande zote.

Kwanza tutazame jinsi watu wetu wanavyopata fedha. Mkulima wa kahawa hupata fedha zake katika msimu. Miezi mingine yote huishi kwa ndizi na maharage ya shambani, kwa kuuza mkungu mmoja au mbuzi mmoja pale haja inapombana. Kijana wa bodaboda hupata fedha kwa siku: leo elfu kadhaa, kesho mvua imenyesha na hakuna abiria. Mwalimu na mwuguzi hupata mshahara mwisho wa mwezi. Sasa bima huja kwa mwaka. Huja mara moja, nayo yataka mkupuo mmoja. Haijali kama kahawa imekwisha kuvunwa au bado ni maua. Haijali kama mwezi huo ndio mwezi wa kununua madaftari na sare za watoto. Ni dhahiri basi kuwa kalenda ya bima na kalenda ya mtu wa Rugera hazisomeki pamoja.

Sasa tujiulize, bima hii ni kitu gani hasa? Wengi hudhani ni kodi tu, karatasi ya kumwonyesha askari wa barabarani. Sivyo. Bima si jambo geni kwetu. Katika vijiji vyetu tuna vyama vya kuzikana. Kila nyumba hutoa mchango wake, na siku nyumba moja inapofiwa, wote huja na sanduku, chakula na nguvu za mikono. Hakuna anayesema, "Mimi nimechangia miaka kumi na sijafiwa, nirudishieni fedha yangu." Kila mtu anajua kwamba mchango wake umewazika wenzake, na kwamba zamu yake itafika. Bima ni chama cha kuzikana kilichoandikwa katika daftari kubwa. Tofauti ni kwamba huwajui wenzako, na daftari linashikwa na watu wa mbali.

Bima ya vyombo vya moto iko ya namna mbili, na watu wetu wamezipa majina mazuri: bima ndogo na bima kubwa. Bima kubwa humlinda mwenye chombo pia, chombo chake kikiibwa au kikiharibika. Bima ndogo haimlipii mwenye chombo hata senti moja. Bima ndogo ni ya mtu mwingine. Ni ya yule mama aliyekuwa akipita kando ya barabara na mkungu wa ndizi kichwani, ni ya mtoto aliyekuwa akitoka shule, ni ya mzee aliyekuwa akirudi kutoka gulioni. Na hii bima ndogo ndiyo ambayo sheria humlazimisha kila mwenye chombo kuwa nayo kabla ya kuingia barabarani. Uingereza waliifanya kuwa lazima kwa sheria yao ya mwaka 1930, na wazo hilo likaingia Tanganyika wakati wa utawala wao. Tulipopata uhuru tuliifuta mengi ya mkoloni, lakini hili tulilibakiza, na tulifanya vizuri. Maana anayetembea kwa miguu ndiye mnyonge wa barabara, naye hakupata kuulizwa kama anataka magari yapite mbele ya nyumba yake.

Twaomba msomaji alishike neno hili, maana hoja yetu yote imeegemea hapo. Mtu akikosa kulipa bima ndogo, anayeumia si yeye. Anayeumia ni yule aliyegongwa.

Sasa tumtazame kijana wa bodaboda, ambaye wengi hupenda kumlaumu bila kumwelewa. Tuseme ana miaka 22. Hana pikipiki yake mwenyewe. Amepewa pikipiki kwa mkataba na mtu mwenye fedha: kila siku au kila juma apeleke kiasi walichopatana, na baada ya mwaka mmoja au zaidi pikipiki itakuwa yake. Akipeleka pungufu, ananyang'anywa. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anarudi usiku, kachoka, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Katika hesabu yake kuna mafuta, kuna matairi, kuna chakula, kuna fedha ya mwenye pikipiki. Bima imeandikwa wapi katika hesabu hiyo? Haikuandikwa popote. Mwenye pikipiki asema, "Ni juu ya dereva." Dereva asema, "Pikipiki si yangu bado." Basi mwaka unakwisha, stika inachakaa, na chombo kinaendelea kubeba watu.

Kijana huyo hushikwa barabarani. Mwaka 2021 Serikali ilishusha faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000. Ulikuwa uamuzi wa huruma, nasi tuliupokea kwa shukrani. Lakini tazameni jinsi watu wengine walivyoutumia. Mtu hukamatwa leo bila bima, hulipa shilingi 10,000, huondoka. Baada ya majuma machache hukamatwa tena, hulipa tena. Mwisho wa mwaka huenda ametoa fedha ya kutosha kukata bima nzima, na bima hana. Ndugu zetu, hayo nayo ni malipo ya kidogo kidogo! Ila ni malipo ambayo hayamlindi mtu yeyote. Aliyegongwa hawezi kupeleka stakabadhi ya faini hospitali ya Nyakahanga akafungwa mguu uliovunjika.

Basi je, kwa nini kampuni za bima zisikubali kupokea mafungu? Lazima tuwe waadilifu, tuseme na upande wao. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo wengi huiita TIRA. Na kanuni inayosimamiwa na Mamlaka hiyo ni fupi: hakuna ada, hakuna bima. Kanuni hii haikuletwa kwa ukatili. Katika biashara ya bima ya nchi nyingi ulikuwako mtindo wa kuandika hati leo na kudai fedha baadaye. Fedha nyingine zilikwama mikononi mwa madalali, nyingine hazikulipwa kabisa. Na mfuko ukiwa mtupu, siku aliyeumia anapokuja kudai, anaambiwa "njoo kesho" mpaka anachoka. Chama cha kuzikana chenye wanachama wanaoahidi tu bila kutoa hakiwezi kununua sanduku. Mkono mtupu haulambwi.

Wala tusisahau kwamba mfuko huu ni jambo la taifa. Kabla ya uhuru, biashara ya bima katika nchi yetu ilikuwa mikononi mwa kampuni za kigeni, na michango ya watu wa hapa ilikwenda kujenga nchi za wengine. Ndiyo maana Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 likawa mali ya umma lote zima, likaachiwa peke yake kazi ya bima nchini. Hali hiyo ilidumu mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni nyingine. Leo shirika hilo lipo, na kampuni binafsi zipo, zote zinashindana. Sisi hatulii kwa ajili ya ukiritimba, maana ukiritimba nao haukuwa dawa ya kila ugonjwa. Lakini twasema kwamba lile wazo la mwaka 1967 lisitupwe pamoja na maji ya kuogea: michango ya wananchi ni ya kuwatumikia wananchi kwanza, kisha ndipo faida.

Sasa tuje kwenye mafungu yenyewe. Kuna njia kadhaa zinazotumika duniani, na kila moja ina tamu yake na chungu yake.

Njia ya kwanza ni kukata bima ya muda mfupi. Jirani zetu wa Kenya wameizoea: mwenye matatu au bodaboda huko hununua bima ya mwezi mmoja, na mwezi ukiisha hununua nyingine. Uzuri wake ni kwamba hakuna deni. Umelipa mwezi, umelindwa mwezi. Ubaya wake ni kwamba mlango wa kutoroka uko wazi mara kumi na mbili kwa mwaka. Mwezi wa biashara mbaya ndio mwezi ambao mtu ataruka. Na ajali haiulizi kama huu ni mwezi uliolipwa au ulioachwa.

Njia ya pili ni mkopo. Benki au mkopeshaji hulipa kampuni ya bima fedha yote siku ya kwanza, kisha mwenye chombo humlipa mkopeshaji kila mwezi pamoja na riba. Benki zetu nazo zimeanza kutoa mikopo ya namna hii. Yule aliyegongwa analindwa tangu siku ya kwanza, na hilo ni jema. Lakini hapa ndipo mnyonge anapoweza kunyonywa bila kujua.

Tufanye hesabu ya mfano tu, ili kila mtu aifuate. Tuseme bima ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Ukiigawa kwa miezi 12 ni shilingi 10,000 kila mwezi. Anakuja mtu na tabasamu, asema, "Usihangaike, nitakulipia, wewe nipe 12,500 tu kwa mwezi." Elfu mbili na mia tano, nani ataikataa? Lakini mwisho wa mwaka umetoa shilingi 150,000. Umeongeza 30,000, yaani robo nzima ya bima. Na si hivyo tu. Wewe hukukaa na shilingi 120,000 zake mwaka mzima. Kila mwezi ulimrudishia, deni likapungua. Ukipiga hesabu kwa deni lililokuwa limebaki kila mwezi, riba yake kwa mwaka inapita asilimia 40.

Watu wa Kagera hatuhitaji kufundishwa jina la jambo hili. Twalijua. Ni butura. Mkulima ana shida, kahawa yake ingali maua mtini, anakuja mtu mwenye fedha mfukoni na kuinunua kwa bei ya kutupa kabla haijaiva. Mkulima anashukuru siku ile, na analia siku ya mavuno. Viongozi wa nchi na wa vyama vya ushirika wamepiga vita butura kwa miaka mingi. Je, tuifukuze mashambani ili tuikaribishe barabarani? Hapana! Bima ya mkopo wenye riba ya namna hii ni butura yenye magurudumu.

Wala msidhani kuwa ni maskini wa Afrika tu wanaopatwa na jambo hili. Huko Uingereza, ambako watu wengi hulipa bima ya gari kila mwezi, malipo hayo kwa kawaida ni mkopo, na anayelipa kwa mafungu hutoa zaidi ya yule aliyelipa mara moja. Malalamiko yalizidi mpaka Oktoba 2024 mamlaka yao ya mambo ya fedha, FCA, ikaanzisha uchunguzi kuona kama watu wanatozwa kwa haki. Kwa hiyo ukweli ni ule ule London na Rugera: mwenye fedha hulipa kidogo, asiye nazo hulipa zaidi kwa kitu kile kile.

Njia ya tatu ni kuiweka bima ndani ya bei ya mafuta. Afrika Kusini ina mfuko wa wahanga wa ajali za barabarani unaopata fedha zake katika kila lita ya mafuta inayouzwa. Namibia na Botswana nao wana mifuko ya namna hiyo. Hakuna anayeweza kukwepa, maana chombo hakiendi bila mafuta, na anayetembea sana hulipa zaidi. Hapa kwetu wazo hili si geni. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya leseni ya magari iliyokuwa ikilipwa kila mwaka, ikaongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Mkupuo wa mwaka ukageuzwa kuwa tone kwa tone. Wenye magari wengi walipumua. Lakini nyongeza ile iliwekwa hata katika mafuta ya taa, kwa hiyo bibi asiye na gari wala baiskeli, anayewasha kibatari chake, naye akachangia. Na huko Afrika Kusini mfuko wenyewe umelemewa na madeni kwa miaka mingi. Njia hii basi yafaa kufikiriwa, lakini si ya kurukia kwa macho yaliyofumbwa.

Je, sisi twashauri nini? Twashauri kwamba kabla ya kungoja kampuni, benki au Serikali, tuanze na nguvu zetu wenyewe. Na ushauri wetu ni huu: tulipe kidogo kidogo, lakini tulipe kabla, si baada.

Maana yake ni nini? Mwenye chombo aliyekata bima leo asikae miezi 11 akijikuna, kisha mwezi wa 12 akaanza kuhangaika. Tangu juma hili aanze kudunduliza ya mwaka ujao. Katika mfano wetu wa shilingi 120,000, mtu akiweka shilingi 330 kila siku, mwaka ukiisha ana shilingi 120,450. Hizo ni shilingi 330, ndugu zetu! Hazifiki bei ya soda. Akifanya hivyo hana riba ya kumlipa mtu, hana wa kumbembeleza, na siku bima inapokwisha anaingia kwa wakala kifua mbele. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini anayechota mfukoni kila siku bila kuweka, mwisho wake ni ule wa chovya chovya kumaliza buyu la asali.

Peke yake mtu huweza kushindwa, maana fedha iliyo mfukoni ina miguu. Kwa hiyo twavitaka vikundi vya bodaboda katika kila kijiwe viweke sanduku la bima. Wawepo mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Funguo zisikae kwa mtu mmoja. Daftari lisomwe mbele ya wote kila juma. Fedha zipelekwe katika chama cha akiba na mikopo au benki, au katika akaunti ya kikundi ya simu, zisilale chini ya godoro la mtu. Kikundi cha watu 30, kila mtu akitoa shilingi 10,000 kwa mwezi, kina shilingi 300,000 kila mwezi, na kwa mwaka shilingi 3,600,000. Kikundi chenye fedha hiyo hakiendi kwa wakala kuomba. Wakala ndiye atakayekuja kijiweni kuomba. Na hapo ndipo kikundi kinaweza kusema, "Sisi ni 30, tutakata wote kwako, tupe masharti mazuri." Kijana mmoja hawezi kusema neno hilo. Thelathini waweza.

Msomaji mmoja atauliza: na yule ambaye leo hana bima kabisa, adundulize mwaka mzima huku akiendesha bila bima? Hapana. Kudunduliza ni kwa mwaka ujao. Kwa mwaka huu lazima apate msaada wa kuanzia. Hapo ndipo chama cha akiba na mikopo kinapofaa, kikimkopesha mwanachama wake kwa riba ndogo waliyopatana wenyewe. Tena iko mikopo ya halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Vijana wanaopewa pikipiki kwa mikopo hiyo wapewe na bima ndani ya mkopo ule ule, irejeshwe kidogo kidogo pamoja na bei ya pikipiki. Kumpa kijana pikipiki bila bima ni kumpa panga bila ala.

Kwa mkulima mwenye gari dogo la kubebea mizigo, au pikipiki ya kupelekea kahawa ghalani, mwezi si kipimo kizuri. Kipimo chake ni msimu. Twaviomba vyama vya msingi vya ushirika viwape wanachama wanaotaka nafasi ya kukatwa fedha ya bima kahawa inapouzwa, kwa hiari na kwa maandishi, ikalipwe moja kwa moja kwa kampuni. Lakini makato hayo yasomwe mkutanoni. Tumekwisha kuona zamani jinsi makato yanavyoweza kuzaa makato mengine mpaka mkulima hajui amekatwa nini.

Na ninyi wenye pikipiki mnaozitoa kwa mkataba, twasema nanyi bila kuuma maneno. Pikipiki ni yako mpaka fungu la mwisho. Faida ni yako. Basi bima nayo iandikwe ndani ya mkataba, iwe wazi nani analipa na lini, wala usimwachie kijana mzigo wote huku wewe ukihesabu noti. Siku ya ajali aliyeumia atamtafuta mwenye mali, na usiseme hukuambiwa.

Kwa kampuni za bima na Mamlaka inayozisimamia tuna maombi manne. La kwanza, zitengenezwe bima za bodaboda zinazolipwa kwa mafungu bila riba iliyofichwa. Na kama kuna nyongeza yoyote, iandikwe kwa shilingi na kwa Kiswahili chepesi katika ukurasa wa kwanza. La pili, fungu moja likichelewa, ziwepo siku za kusubiri ambazo mtu aliyegongwa bado analindwa, maana kosa la mlipaji lisiwe adhabu ya mpita njia. La tatu, ujumbe upelekwe kwa simu kabla ya bima kukatika, si baada. La nne, fidia ilipwe upesi. Hakuna mahubiri yatakayomfanya mtu akate bima kama katika kijiji chake hajapata kumwona hata mmoja aliyelipwa. Na wananchi wajue kwamba sheria ile ile ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ili mtu aliyezungushwa apate pa kwenda bila kuajiri wakili.

Kwa wasomaji wetu tuna maonyo machache. Unapolipa, dai stakabadhi. Angalia stika yako kwa simu katika mfumo wa Mamlaka, uhakikishe imeandikishwa kweli, maana stika ya bandia ni karatasi ya kuwashia moto. Mwulize wakala: hii ni bima ya matumizi ya nyumbani, au ya biashara ya kubeba abiria? Anayebeba abiria kwa bima isiyo ya biashara amejenga nyumba juu ya mchanga. Ninyi mnaovuka Murongo kwenda Kikagati, kumbukeni kwamba bima ya hapa peke yake haivuki mto Kagera pamoja nanyi. Ulizeni Kadi ya Njano, ambayo Tanzania bado inashiriki ingawa ilijitoa katika COMESA mwaka 2000. Na kila mmoja awe na leseni, maana bima haimsafishi asiye na ruhusa ya kuendesha.

Mwisho twarudi pale tulipoanzia. Tukijadili mafungu, riba na stika, tusimsahau yule mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Yeye hana gari. Hakuja katika mkutano wetu. Hajui kama pikipiki inayokuja nyuma yake imelipiwa au haikulipiwa. Akigongwa na chombo kisicho na bima, watoto wake watauza ng'ombe, kisha watauza kipande cha kibanja, ili mama apelekwe Bugando. Kibanja walichoachiwa na babu kitakwenda kwa sababu ya shilingi 330 kwa siku ambazo mtu fulani hakuziweka. Hayo si maendeleo, na watu waliojitafutia uhuru wao hawapaswi kuyaona kama kudura ya Mungu.

Twawaomba basi wanachama wetu wote walipeleke jambo hili katika mikutano ya matawi na ya vijiji. Lisiishie gazetini. Tawi lenye vijana wa bodaboda liwaite, liwasikilize kwanza kabla ya kuwahubiria, kisha wapange pamoja sanduku lao. Mwenye gari aketi na asiye na gari, maana barabara ni ya wote wawili. Tukingoja kila kitu kiletwe kutoka Dodoma au Dar es Salaam tutangoja sana, na ajali hazitatungoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tuanze juma hili, kwa shilingi 330.